Lugha ya Tantine

Kuna watu ambao wakikutana na jambo wasilolielewa hulikwepa tu, wakaendelea na safari yao. Madame Noella hakuumbwa hivyo. Tangu akiwa mtoto kule Runingu, katika bonde la Ruzizi, alikuwa akichosha watu kwa maswali. Akitumwa kufukuza ndege kwenye mpunga, alirudi nyumbani akitaka kujua ndege wale mchana wanalala wapi. Akipelekwa misa, alitaka kujua kwa nini padri anakunywa peke yake. Baba yake alimpa jina la Juu-ya-Nini, yaani Kwa-Nini kwa Kiswahili cha kwao, na jina likamganda, hata siku alipoondoka kijijini kwenda kusomea ualimu Uvira shangazi zake walimuaga kwa jina hilo hilo.

Sasa ana miaka thelathini na minane, anafundisha mwaka wa tano wa shule ya msingi katika mtaa wa Rugenge, na maswali hayajamwisha. Wenzake humcheka. Wao kengele ya mwisho ikilia wanapanda pikipiki kurudi nyumbani. Yeye anabaki amekaa darasani, ameshika tama, anajiuliza kwa nini mtoto fulani anajua kugawanya akiwa ubaoni, halafu akipewa daftari hesabu ile ile inamshinda. Ni udadisi huo huo uliomwingiza katika mambo ya Kiingereza, ingawa haki ni kusema kwamba mwanzoni aliingizwa na wazazi.

Uvira ni mji wa mpakani. Ukivuka Kavimvira uko Burundi, ukifuata ziwa kwenda kusini na mashariki utafika Tanzania, na kila mzazi ana jirani ambaye mwanawe alipata kazi mahali fulani kwa sababu ya Kiingereza. Basi mwezi wa kumi na moja kamati ya wazazi ikaja shuleni na simu tano zilizokwisha kutumika. Walikuwa wamempelekea Pitchou, fundi wa simu wa pale njia panda, akaweka ndani programu ya kufundishia watoto maneno ya Kiingereza kwa picha na sauti. Alichagua ile inayofanya kazi bila mtandao, maana kununua mega kungewatoa roho. Kanisa la jirani likatoa chumba na umeme wa jua wa kuchajia, na Noella akapewa watoto ishirini na wawili, kila Jumatano na Jumamosi baada ya masomo. Hakuna aliyemuuliza kama yeye mwenyewe anajua Kiingereza. Na yeye, pengine kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakuuliza swali lolote.

Programu yenyewe ilikuwa nyepesi. Picha inajitokeza, sauti ya mwanamke inataja jina lake, mtoto anarudia. Akipatia, nyota zinaruka na sauti inasema "Very good!" kwa furaha ambayo hakuna mwalimu wa Rugenge aliyewahi kuwa nayo saa nane mchana. Akikosea, kioo kinatikisika na sauti inasema "Try again," yaani jaribu tena, bila hasira hata kidogo. Watoto walimpenda mwanamke yule. Wakamwita Tantine, kama wanavyowaita mama zao wadogo, na wakaanza kumzungumzia kana kwamba anaishi humo ndani. Siku spika ya simu moja ilipopasuka, walikuja mbio kwa Noella kumwambia, "Madame, Tantine leo iko na mafua!"

Noella alifanya kazi yake. Aligawa simu, alipanga zamu, alichunga chaji, aliamua ugomvi wa nani amemaliza na nani bado. Akieleza jambo, alilieleza kwa Kiswahili. Kazi ya kusema Kiingereza alimwachia Tantine. Kufikia mwezi wa tatu, simu ilionyesha kwamba Aline, msichana wa miaka kumi mwenye mwanya na sauti nyembamba, alikuwa amepatia maneno mia tatu na kumi. Noella aliandika jambo hilo daftarini na kulipigia mstari kwa wino mwekundu. Alijivuna, na nani asingejivuna?

Jumatano moja mkuu wa shule, Direkta Ezéchiel, akaingia chumbani bila kubisha. Ni mtu mrefu, mkavu wa maneno, ambaye si mbaya lakini anaogopa sana kuchekwa na wazazi. Watoto wakasimama, mikono kifuani, kama adabu ya shule inavyotaka. Direkta akachukua kikombe cha plastiki kilichokuwa juu ya meza ya Noella, akakiinua, akauliza kwa Kiingereza ambacho bila shaka alikuwa amekiandaa tangu asubuhi:

"What is this?"

Watoto wakainamisha vichwa.

Akamgeukia Aline, ambaye sifa zake zilikwisha kumfikia. "What is this?" Aline akaangalia vidole vya miguu yake. Direkta akaweka kikombe, akachukua ufunguo, kisha kitabu, kisha akanyoosha kidole mlangoni. Watoto ishirini na wawili walisimama pale, macho chini, na hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa. Noella alitokwa na jasho mpaka kwenye kope. Neno la kikombe lilikuwa la tatu katika programu nzima. Hata yule mtoto mzito kuliko wote alilijua tangu mwezi wa kumi na moja.

Direkta alimwita nje, wakasimama kando ya ukuta.

"Madame, bazazi balitoa simu zao. Sasa minye nitabaambia nini? Kama batoto banakujaka hapa kucheza?"

"Banajua, Direkta. Nakuapia, banajua."

"Nimebauliza. Weye mwenyewe uliona." Akavuta pumzi. "Siku ya kugawa bultini mbele ya Pasaka, bazazi bote batakuwa hapa. Nitabauliza tena, mbele yao. Bakinyamaza vile, simu zinarudia benyewe na hii masomo inafungwa. Sitaki bantu baseme tulibadanganya."

Siku hiyo ya bultini, yaani ripoti za alama za wanafunzi, ilikuwa wiki tatu mbele. Noella alirudi chumbani, akakusanya simu, akawaaga watoto kwa sauti ya kawaida, lakini moyoni aliumia sana. Masomo mengine alikuwa ameyafundisha miaka kumi na minne. Alijua mtoto atakwama wapi kabla mtoto mwenyewe hajakwama. Darasa hili la simu ndilo pekee lililokuwa likimshangaza bado, ndilo lililomfanya aamke Jumatano na hamu. Alilitaka libaki, na hakuona aibu kujiambia hivyo.

Lakini kwa Noella uchungu haukai peke yake kwa muda mrefu. Kabla hajafika nyumbani alikuwa ameshaanza: juu ya nini?

Alishuku kwanza kwamba watoto walikuwa wameshika picha tu, yaani wanajua kugusa kikombe chekundu cha kwenye kioo bila kujua neno. Jumamosi akafunika vioo kwa karatasi, akawaachia sauti peke yake. Kila neno lililotoka, walilitaja maana yake kwa Kiswahili bila kusita. Akainua kile kikombe chake cha plastiki, akauliza, "Hii, Tantine anaiita namna gani?" Wakajibu wote kwa pamoja mpaka mama aliyekuwa akifagia kanisani akachungulia dirishani. Basi hawakushika picha tu. Waliyajua maneno, na walijua kwamba ni maneno ya vitu vya kweli.

Akashuku woga. Jumatatu akatoka darasani mwake, akajibanza dirishani kama mwizi wakati Direkta anapita darasa la tano kuuliza hesabu. Direkta akamwinua Aline, akamuuliza kwa Kifaransa tisa mara saba, na Aline akajibu kwa Kifaransa, wima, bila hata kumeza mate. Kwa hiyo si woga. Noella akaandika daftarini: Si picha. Si woga. Halafu akakaa anatazama kalamu.

Akamwita Aline kando. "Aline, juu ya nini mulinyamaza siku ile?"

"Minye sijue, Madame," Aline alisema, akiangalia chini, na Noella, ambaye amezungumza na watoto maisha yake yote, akajua kwamba huyu anajua.

Jibu alilipata alipokuwa hata halitafuti. Alikuwa amekwenda sokoni kununua ndagala wakavu, yaani dagaa wa ziwani, kwa Mama Agnès, bibi yake Aline, ambaye meza yake iko karibu na pale mashua zinaposhushia. Aline huwa anamsaidia bibi baada ya masomo. Noella alisubiri zamu yake nyuma ya mteja mmoja kutoka Bujumbura, mfanyabiashara anayeitwa Niyongabo, na kwa kuwa hana kawaida ya kusubiri bila kusikiliza, akasikiliza.

Aline alimuuliza bibi jambo kwa Kifuliiru. Akamgeukia Niyongabo, akamsalimu "Amakuru?" na wakaendelea kwa Kirundi. Akamfokea mchukuzi aliyekanyaga gunia, kwa Kiswahili. Akamwona mwalimu wake, akanyooka, akasema "Bonjour, Madame." Yote hayo kabla mfuko mmoja wa ndagala haujajaa. Hapo hapakuwa na ajabu yoyote. Ndivyo watoto wote wa Uvira walivyo, na Noella mwenyewe alikulia hivyo.

Kilichomshtua kilikuja baadaye kidogo. Niyongabo, mtu wa utani, ambaye miaka yote ya biashara imemwachia Kifuliiru cha kuokoteza, alimtupia Aline maneno mawili matatu kwa lugha hiyo. Aline akamjibu kwa Kirundi. Mwanaume akarudia, akitabasamu. Aline tena, kwa Kirundi, kwa upole, kama anayemrudishia mtu kofia yake iliyoanguka. Mama Agnès akacheka.

"Aline," Noella alisema, na tayari alihisi kitu kikimtekenya kichwani, "juu ya nini haumujibu mu Kifuliiru? Si amekusemesha?"

Aline alimshangaa, akamwonyesha bibi yake kwa kidevu. "Kifuliiru ni ya Koko, Madame. Ule Bwana ni wa Kirundi. Nikimujibu ya Koko, ataona minye namuchekelea, sababu haisemake muzuri."

"Na Direkta?"

"Direkta ni wa Français."

"Na Kingereza?"

"Ni ya Tantine," Aline alisema. Kwake hilo halikuhitaji hata kuulizwa. Kisha, kwa kuwa mwalimu wake alikuwa bado amekodoa macho, akaona amhurumie. "Direkta alituuliza mu luga yenye haiko yake. Tukaona anatujaribu, kama tuko na adabu. Mukubwa akikusemesha vile, utamujibu namna gani? Tukanyamaza."

Noella alisimama na mfuko wake wa ndagala. Ishirini na wawili! Walikuwa wamesimama pale kwa heshima yote, wakimlinda Direkta asiaibike, na yeye akawadhani wajinga. Alitamani kucheka, alitamani kumkumbatia mtoto. Lakini swali moja lilikuwa limebaki, na kulinyamazia hakuweza.

"Na minye? Kama ni minye niliwauliza, mungenijibu?"

Aline akamtazama bibi yake, akitafuta msaada ambao haukuja. "Madame, weye hausemake Kingereza. Hata siku moja."

"We Aline!" Mama Agnès akashika kiuno. "Unasemesha mwalimu namna hiyo?"

"Mumuache, Mama Agnès," Noella alisema. "Mutoto amesema kweli."

Alirudi nyumbani kwa miguu, ingawa jua lilikuwa kali na madereva wa pikipiki walimwita kila hatua kumi. Alikuwa akifikiria siku moja ya zamani. Alikuwa sekondari, mwaka wa tatu wa ualimu, mwalimu wa Kiingereza akamsimamisha asome. Lilikuwapo neno "table" katika sentensi, na yeye akalisoma kama Wafaransa wanavyolisoma. Mwalimu akacheka kwanza, kisha darasa zima, na tangu siku ile hadi anapata diploma walimwita Madame Tabl. Tangu hapo hakuwahi kutamka neno la Kiingereza mbele ya mtu. Na kuna siri aliyokuwa hajamwambia hata mumewe: kila alfajiri, akiwasha mbabula, lile jiko la makaa, alikuwa akichukua moja ya zile simu tano, aliyokuwa akirudi nayo nyumbani, na kujifunza kwa kunong'ona, moshi ukimwingia machoni. Aline alikuwa ngazi ya kumi na tano. Yeye alikuwa amekwama ya tisa.

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Aliwapeleka watoto ishirini na wawili katika lugha ambayo ndani yake hakukuwa na mtu hata mmoja aliye hai. Wangeisema na nani? Tantine alikuwa kwenye kabati, amezimwa. Noella aliona aibu, na safari hii haikuwa aibu ya matamshi.

Jumatano iliyofuata alikuja na kitambaa cha njano. Hakugawa simu. Alisimama mbele ya watoto, akawaonyesha.

"Muangalie. Nikiwa bila hii kitambaa, minye niko Madame wenu, munanisemesha kama siku zote. Nikiifunga ku kichwa, minye niko muntu wa Kingereza. Kiswahili sisikie. Français sisikie. Mumesikia?"

"Ndiyo, Madame!"

Akakifunga. Fundo likamshinda mara mbili. "Good afternoon," alisema. Watoto walimkazia macho. Akainua kikombe, akauliza ni nini. Walitazamana, wengine wakaanza kucheka kwa soni, na Noella akaona wiki zake mbili zilizobaki zikiyeyuka.

Aliyemwokoa ni Bruno wa dawati la mwisho, na hakukusudia. Alisimama akiwa amebana miguu. "Madame, naomba kutoka inje."

Noella akamtazama kama asiyeelewa.

"Madame, naomba..." Bruno akageukia Kifaransa. Noella akainua mabega. Mtoto alikuwa ameanza kurukaruka sasa, macho yamemtoka, na darasa zima likawa linamfuatia kwa pumzi moja. "Toilet!" Bruno akapiga kelele. "Madame! Please! Toilet!"

"Yes!" Noella alisema, naye pia kwa kelele. "Go!"

Bruno akatoka mbio, na chumba kikapasuka kwa kicheko na vifijo. Aliporudi walimpigia makofi. Baada ya hapo kila mtu alitaka kitu kutoka kwa mtu wa Kiingereza: maji, chaki, mlango ufunguliwe, mlango ufungwe. Wengine walimtega kwa Kiswahili, wakaona kweli hasikii, wakajitafutia maneno. Kila neno kati ya yale mia tatu lilikuwapo, walilitoa mahali walipolihifadhi.

Katikati ya raha hiyo Noella akaweka mkono juu ya meza, akalitamka jina la meza hiyo kwa Kiingereza. Akalitamka vile vile kama miaka ile.

"Try again, Madame," Aline alisema.

Alisema kwa sauti ya Tantine hasa, ya upole na ya juu kidogo. Noella alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni, na kwa muda mfupi alikuwa tena na miaka kumi na saba, kitabu mkononi. Aliwatazama watoto usoni mmoja mmoja, akitafuta nani anacheka. Hakuna aliyekuwa anacheka. Walikuwa wanangoja tu, kama wanavyongojana wao kwa wao wakiwa na simu. Akajaribu tena.

"Very good!" wakasema wote ishirini na wawili.

Siku ile alipokuwa akipika, mumewe alimkuta machozi yanamtoka. Alisingizia vitunguu. Mimi nasema ilikuwa furaha, na vitunguu vilikuwa bado havijamenywa.

Siku ya bultini ikafika. Wazazi walijaa uwanjani, juu ya madawati yaliyotolewa nje, akina mama wamevaa vitenge vya Jumapili. Direkta Ezéchiel alikaa nyuma ya meza yenye kitambaa cheupe, akiita majina, na mbele yake, kando ya rundo la bultini, palikuwa na karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono wake. Noella alikuwa amekaa karibu kiasi cha kuisoma. Ilikuwa tangazo la kurudisha simu kwa kamati. Direkta alikuwa ameliandika mapema, asije akakosa maneno.

Bultini zilipokwisha, akawaita watoto wa Kiingereza. Noella akasimama nao, akafunga kitambaa chake, akapita katikati ya wazazi akiazima chochote walichokuwa nacho. Alipewa mwavuli, kiatu cha mtoto mchanga, kapu, kofia ya dereva wa pikipiki, na kisu cha Mama Agnès, aliyekuwa ametoka moja kwa moja sokoni. Akaviinua kimoja kimoja, akauliza kwa Kiingereza, na watoto wakajibu. Wazazi wakaanza kupiga makofi. Alipofika kwenye mwavuli ulimi ukamteleza, na Bruno, bila kufikiri, akasema, "Try again, Madame."

Direkta akainuka. "Mungoje. Huyu mutoto amesema nini?"

Noella akafungua kitambaa ili aweze kumjibu. "Amesema nijaribu tena. Nilikosea."

"Anakukosoa? Mbele ya bazazi?"

"Ndiyo, Direkta. Ni minye nilibaambia banikosoe."

Minong'ono ikapita kwenye madawati. Mama mmoja alisonya. Direkta alitoka nyuma ya meza, uso umekaza. "Weye Madame bamekuzoea," alisema. "Nilisema ni minye nitabauliza." Akachukua kisu cha Mama Agnès, akasimama mbele ya Aline. Kiingereza chake alikipata vitabuni, akiwa peke yake, kijana, na kabla ya Jumatano ile ya kikombe hakuna aliyewahi kumsikia akikisema. Akauliza kama hiki ni kisu, na neno la kisu akalitamka lote kama lilivyoandikwa, na ile herufi ya mwanzo aliyopaswa kuiruka akaigonga kwa nguvu.

Aline alimgeukia Noella, na Noella akaelewa anachouliza: amkosoe au anyamaze? Mtoto akinyamaza, darasa limekwisha, karatasi iko pale mezani. Mtoto akisema, mtu huyu anayeogopa kuchekwa kuliko kitu kingine chochote ataaibika mbele ya wazazi wote wa Rugenge, na darasa linaweza kwisha vile vile, tena kwa hasira. Noella alimtazama Direkta. Aliona jinsi alivyokuwa anashika kile kisu, kwa nguvu mno. Akamwashiria Aline kwa kichwa: sema.

"Try again, Direkta," Aline alisema, polepole. Kisha, kama Tantine anavyomfanyia aliyekwama, akamtajia neno lenyewe.

Direkta aliinua macho, na Noella akaitambua sura ile, maana ilikuwa yake mwenyewe: sura ya mtu anayesubiri kicheko. Aliwapitia watoto kwa macho, safu nzima, kutoka Bruno hadi Aline. Walikuwa wanamngoja tu. Akakohoa kidogo. Akalisema lile neno, kwa sauti ya chini sana, bila kuwatazama wazazi. Alimtazama mtoto.

"Very good!" wakasema wote.

Direkta akarudi mezani. Akaichukua ile karatasi yake, akaigeuza upande usioandikwa, akaiweka mbele ya Aline pamoja na kalamu yake.

"Niandikie ile neno hapa," alisema, "na vile inasemwaka. Kiisha Pasaka nitakuja nayo ku masomo yenu."